Kamera Mahali pa Jicho

Jumapili, 13 Julai 2025. Migori

Muuguzi amesema niandike kila anachokula Mwalimu, mume wangu, ili tukirudi kliniki waone kama uzito wake unapanda au unashuka. Haya, naandika. Asubuhi: uji wa wimbi, vikombe viwili. Mchana: mchuzi wa maharagwe uliochujwa. Jioni: maziwa. Viazi amevitema. Koo halipitishi kitu kigumu tena.

Nimemaliza, na daftari bado lote jeupe. Mimi ni mtu wa maneno, na mtu niliyezoea kumwagia maneno yangu siku hizi anajibu kwa kunong'ona, kisha anachoka. Kwa hiyo nitaandika na mengine. Muuguzi akitaka atayaruka.

Jumatano, 16 Julai

Uji vikombe viwili. Studio: picha za pasipoti tatu, za matanga mbili.

Hii ndiyo kazi iliyobaki. Zamani siku ya Krismasi foleni ilitoka mlangoni kwangu ikafika kwa muuza viatu, watoto wamepakwa mafuta hadi magotini. Sasa kila mtu ni mpiga picha. Wanajipiga kwa simu, nusu ya uso iko gizani, na mtu akifa ndipo wanamkumbuka Mama Kezia. "Mama, hii tukuzie iwe kubwa ya kuweka kwa jeneza." Naikuza. Marehemu anatoka na macho ya ukungu, na familia inanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemuua.

Jumapili, 20 Julai

Leo Mwalimu ameniomba nimtolee darubini chini ya kitanda. Nikamwambia, "Ya nini? Hata sufuria huwezi kuinua." Akanyoosha kidole tu, vile alivyokuwa akiwanyooshea wanafunzi wake wa fizikia. Nikaitoa.

Aliitengeneza tulipokuwa Sindo, kando ya ziwa, alikofundisha miaka kumi na mmoja kabla hatujahamishiwa huku Migori. Kioo chake cha chini, kipana kama sahani, aliachiwa na mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Mwili wake ni bomba la plastiki la maji taka, na limekaa katika kisanduku cha mbao kinachozunguka. Watu wa Sindo walikuwa wakipanga mstari usiku kuchungulia. Mimi nilikuwa nikipika chai ya watu hao, nikinung'unika.

Akaninong'oneza kwamba tarehe saba Septemba mwezi utapatwa, wote mzima, na utapatwa mapema, saa ambayo yeye bado yuko macho. "Huo nataka kuuona," akasema. Daktari alituambia sote wawili mwezi wa sita, bila kuzunguka, kwamba tuhesabu miezi, tusihesabu miaka.

Nikasema, "Nitakupigia picha."

Akacheka, akakohoa. "Picha si kuona, Mama Kezia."

"Na kuona bila picha ni nini? Kesho utamwonyesha nani?"

Hayo ni mabishano yetu ya miaka ishirini na sita. Nilifurahi kuyasikia tena. Uji kikombe kimoja na nusu.

Alhamisi, 24 Julai

Namna za kuunganisha kamera na darubini ni tatu, kwa maelezo ya Mwalimu, aliyenichorea kwa kalamu ili asiongee sana.

Ya kwanza ni kuifunga kamera juu ya bomba, izunguke nalo, itazame kwa lenzi yake yenyewe. Mwezi utatoka kama punje ya mtama. Hiyo tumeitupa sote.

Ya pili ni simu. Lenzi ya jicho inabaki mahali pake, unaikumbatia kwa kishikio kidogo, na simu inachungulia pale mtu anapochungulia. Ukitaka kutazama mwenyewe, unachomoa simu, unaweka jicho. Mwalimu ameizungushia hiyo duara mara mbili.

Ya tatu ni kutoa lenzi ya jicho kabisa na kuiingiza kamera yangu yenyewe, bila lenzi yoyote, kwa pete inayoshika pande zote mbili. Hapo darubini yote inakuwa lenzi ya kamera. Picha inatoka safi, kubwa, ya kuchapishwa ukutani. Ila hakuna mtu anayeweza kuchungulia, maana pale pa jicho pamekaliwa.

"Ya pili," akanong'ona.

Nikasimama. "Simu? Mimi, Susana Nyatichi, niweke simu? Simu imeninyang'anya maharusi, imeninyang'anya Krismasi, sasa niibebe niiweke juu ya darubini yako niipigie magoti?"

Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Lakini kile kichoro alikiweka chini ya mto wake.

Jumatatu, 28 Julai

Uji kikombe kimoja na nusu. Mvua ya mawe, na mahindi ya jirani yamelala.

Jumapili, 3 Agosti

Kezia, binti yetu, ametuma kutoka Nairobi ile pete niliyomwagiza. Akatuma na kishikio cha simu, ambacho sikumwagiza. Baba yake ana mkono hapo.

Jioni mwezi ulikuwa umepita nusu. Nikafunga pete, nikaingiza kamera kwenye bomba dogo la pembeni, nikatazama kioo cha nyuma ya kamera. Ukungu mtupu. Nikasukuma bomba dogo ndani hadi likagonga mwisho. Mwezi ukawa duara la maziwa, basi. Miaka ishirini na sita naweka fokasi kwa watu wanaopepesa, wanaolia, wanaolewa. Mwezi, ambao haupepesi, umenishinda.

Mwalimu alikuwa dirishani. Alijua tangu mwanzo, naona. Akanieleza: taswira inatokea ndani ya bomba, kabla haijaifikia kamera. Hii darubini alimpimia binadamu, hakuipimia kamera. Ili kamera ifikiwe, kile kioo cha chini lazima kisogezwe mbele vidole vitatu. Na kikishasogezwa, jicho nalo halitaona tena ila kwa kuongezewa kibomba cha kuisogeza nje lenzi ya jicho.

"Acha hivyo," akasema. "Kishikio kipo."

Nikamwambia amekula njama na bintiye. Nikaenda kulala nimenuna. Sikuandika uji wa leo kwa sababu sikumbuki, na hilo linaniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Mwalimu alilala mapema. Nikatoa darubini uani, nikafunga simu yangu kwenye kishikio, nikaiweka juu ya lenzi ya jicho, nikabonyeza. Ni mara moja tu.

Ilikuwa nzuri. Milima ilionekana, na yale mashimo ya pembeni. Nimeifuta. Sitamwambia.

Jumanne, 12 Agosti

Uji kikombe kimoja, baada ya kubembelezwa.

Asubuhi aliniita. "Peleka kwa Ryoba kioo kisogezwe."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, je, si unataka simu? Akasema simu ni kwa ajili yake na kamera ni kwa ajili yangu. "Picha ndiyo kazi yako. Mimi nitakuwa nimekwenda. Wewe utabaki na nini?"

Nikaenda nyuma ya pazia la studio, pale watu wanapochania nywele kabla ya kupigwa picha, nikalia hadi mteja akagonga meza.

Ryoba ni fundi wa milango na madirisha, Mkuria, mtu wa Kehancha, hana haraka na chochote. Aliligeuza bomba akaangalia zile skrubu tatu zinazoshika kioo.

"Mama, Mwalimu mwenyewe anajua hii kitu?"

"Ndiye amenituma."

"Sababu mimi nikitoboa, nimetoboa. Plastiki haiponi kama ngozi."

"Toboa, Ryoba."

Akatoboa. Kisha akanikatia kibomba cha kuongeza kwa upande wa jicho, akakisugua kwa msasa hadi kikaingia bila kelele. Hakutaka malipo. Alisema Mwalimu alimfundisha mdogo wake hesabu.

Niliporudi, Mwalimu alivipapasa vile vitundu vya zamani, vilivyobaki wazi. "Sawa," akasema. "Ila mwezi ukishaiva wote, mwekundu mzima, unipe zamu yangu. Utoe kamera, niweke jicho."

Nikamwahidi. Tulishikana mikono kabisa, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Jumatatu, 18 Agosti

Uji kikombe kimoja. Tatizo jipya: kamera ni nzito, bomba linainamisha kichwa. Mwalimu amenifundisha kufunga kifuko cha maharagwe upande wa chini ili pande zilingane. Ukitoa kamera lazima utoe na maharagwe, la sivyo bomba linaruka juu na mwezi unaupoteza. Kisha uweke kibomba, uweke lenzi ya jicho, uutafute upya, uweke fokasi upya. Nimejaribu mchana kwa kuutazama mnara wa simu ulio ng'ambo ya mto. Si kazi ya kufumba na kufumbua. Ni kazi ya kupika chai.

Alhamisi, 21 Agosti

Uji nusu. Maziwa nusu.

Ijumaa, 29 Agosti

Kezia amepiga simu kuniwakia. Yeye ni muuguzi, kwa hiyo hugomba kwa utaratibu. "Mama, baba ana kilo ngapi? Na unambeba mpaka Sindo kwa ajili ya picha? Mwezi hauko Migori?"

Uko Migori. Na mwezi hauhitaji giza, hata katikati ya taa za stendi ungepigika. Sindo ameitaka yeye. Nilimwambia Kezia hivyo, akasema, "Basi mvalishe sweta mbili." Nikaona kwamba binti yangu amekuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri.

Ijumaa, 5 Septemba. Sindo

Tumefika jua likiwa bado juu, shukrani kwa Bravin, mpwa wangu mwenye probox, aliyeendesha polepole kila penye shimo. Sisi ni Wasabato, na nilitaka kila kitu kiwe kimefungwa kabla jua halijazama. Kisanduku kimekaa uani, bomba limekaa juu yake, kamera imo, maharagwe yamo. Nimefunika kwa turubai.

Tuko kwa Mama Elvis, tuliyekuwa tukipanga kwake zamani zile. Anauza omena, dagaa wa ziwani, na sauti yake ni ileile ya kuita upande wa pili wa ziwa. Alipomwona Mwalimu akishushwa garini alishika kichwa. "Mayie! Mwalimu, hawakulishi huko Migori?" Kisha akaenda nyuma ya jiko, akakaa kidogo, akarudi uso umelowa maji. Akamtania tena: siku za mwezi mpevu wavuvi wa omena hawaendi ziwani, maana taa zao hazina maana, lakini Jumapili mwezi ukizimwa, wataruka kitandani wakimbilie mitumbwi.

Mwalimu alicheka. Alikunywa uji wake wote. Nimeandika: wote.

Jumamosi, 6 Septemba

Kanisani asubuhi, yeye amelala. Mchana nilikaa karibu na lile turubai, mikono inaniwasha. Nilitaka kufanya zoezi la kutoa kamera na kuweka jicho, mara moja tu, ili mikono izoee. Lakini Sabato ni Sabato. Mama yangu hakukata hata kucha siku hii. Nikasema jua likizama nitafanya.

Jua likazama, na mvua ikaja palepale, ikanyesha hadi tukalala.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Hakuna wingu. Mama Elvis alisema Nyasaye, Mungu, ametukumbuka.

Watu walianza kuja hata kabla ya giza: majirani, wanafunzi wa zamani ambao sasa wana watoto mgongoni. Wakampa Mwalimu mkono mmoja mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sweta mbili, blanketi juu. Wakataka kuchungulia. Nikawaambia leo hakuna kuchungulia, leo ni picha, tafadhali msiguse kisanduku. Nilikuwa mkali. Mama Elvis akawasogeza nyuma.

Mwezi ulitokea juu ya vilima, mzima. Kisha kona yake ikaanza kuliwa. Nilipiga. Fokasi ilikuwa imekaa, kila shimo limesimama peke yake, na nikasahau kwamba nina miguu. Sijui nieleze vipi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikuza picha za wafu zilizopigwa vibaya na watu wengine. Jana nilikuwa mpiga picha.

Saa mbili na nusu ukaiva wote. Rangi yake ilikuwa ya tofali bichi linapoanza kushika moto. Kwa macho matupu Mwalimu aliuona, kama sote tulivyouona, doa jekundu, na macho yake hayana nguvu. Hakuja Sindo kwa ajili ya doa.

Nilisikia gauni langu likivutwa. "Mama Kezia. Zamu yangu."

"Dakika moja, Mwalimu."

Mwezi mwekundu ni hafifu, unahitaji kamera iache mlango wazi muda mrefu zaidi, na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Picha ya kwanza ikatikisika. Ya pili ikatikisika. Ya tatu ilikaribia kuwa sawa. Nikafikiri: nikiitoa kamera sasa, na maharagwe, na kibomba, sitairudisha kwa wakati, na sina hata moja nzuri. Nipate moja nzuri kwanza. Moja tu.

Nikageuka kidogo kupangusa lenzi ya miwani yangu, nikamwona. Alikuwa ameinua mkono. Sauti ilikuwa imemwishia, kwa hiyo aliinua mkono, kidole juu, kama mwanafunzi anayemwomba mwalimu ruhusa ya kutoka. Watu nyuma yake walikuwa wanautazama mwezi. Mimi peke yangu nilimwona.

Nikasema, "Subiri kidogo."

Nikaipata. Ninaijua picha nzuri hata kabla haijaonekana, kidole huniambia. Nikaitazama kwenye kioo cha nyuma, nikasema kwa sauti, "Asante Bwana," nikaanza kulegeza skrubu. Ndipo Mama Elvis akasema, "Yawa, mvua ya kwenu inakuja."

Ilikuwa inakuja kweli, kutoka upande wa Kisii, nyumbani kwetu. Wingu moja pana lilikuwa linafunika nyota kutoka chini kwenda juu. Nikavuta kamera. Nilisahau maharagwe. Bomba likaruka, kifuko kikafunguka, maharagwe yakatawanyika uani. Nikaingiza kibomba, nikaingiza lenzi ya jicho. Nikautafuta mwezi, nikaupata ukiwa na ukingo mmoja tu wazi. Nikapiga kelele, "Mleteni!"

Tulimbeba mimi na Mama Elvis. Alikuwa mwepesi kuliko kamera, Mungu anisamehe. Mama Elvis akamshika kiuno, mimi nikamshika kichwa, akaweka jicho.

Nikainua uso wangu juu. Hakukuwa na mwezi. Palikuwa na kijivu kitupu.

Hakuondoa jicho. Aliinama pale muda mrefu, akitazama wingu. Matone ya kwanza yakagonga bomba. Mama Elvis akamwuliza kwa upole, "Jaduong', mzee wangu, unaona?"

Bila kuinua uso akasema, "Naona."

Mvua haikukoma hadi kila kitu kilikuwa kimekwisha, mwezi umerudi kuwa mweupe huko juu ya mawingu bila sisi. Ndani nikamwonyesha ile picha kwenye kamera. Aliishika kwa mikono miwili. "Ni nzuri," akasema. "Nzuri sana, Mama Kezia."

Mwezi hautapatwa hivi hapa kwetu tena kwa miaka kadhaa. Yeye anajua hesabu hizo kuliko mimi. Hakula kitu.

Alhamisi, 11 Septemba. Migori

Uji robo. Pasta Oyaro alikuja kumwombea. Akauliza kuhusu mwezi. Mwalimu akajikaza, akaeleza kwa mnong'ono: ukingo ulivyokuwa mweusi upande mmoja, milima ilivyoonekana imepakwa kutu, na jinsi ulivyokuwa mviringo kabisa, si bapa kama sahani tunavyoudhania. Pasta alitikisa kichwa kwa furaha. "Kwa jicho lako mwenyewe, Mwalimu!"

"Kwa jicho langu."

Yote hayo aliyatoa kwenye picha. Nilitoka nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeichapa picha kubwa, Kezia alisisitiza, nikaitundika dirishani kwa studio. Watu wanasimama barabarani. Wawili wameingia kuuliza bei ya harusi, na mmoja akasema kamera yangu si mchezo. Mwaka mzima nimeomba siku kama hii.

Uji vijiko.

Jumatano, 17 Septemba

Leo kila mgeni ameambiwa kwamba Mwalimu aliuona mwezi. Mwenye nyumba na shemeji yake wa Isebania, hata Ryoba aliyekuja kuuliza kama kibomba kilishika. "Kilishika vizuri," Mwalimu alimwambia. Ryoba akaondoka ameridhika.

Jioni nikafunga mlango. Nikakaa kitandani. Nikamwuliza, "Mbona unawaambia uliona?"

Nilidhani amelala.

"Nikiwaambia sikuona," akasema, "wataniuliza kwa nini."

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilikuona ulipoinua mkono. Akasema anajua, tulitazamana. Nikamwambia ilikuwa picha moja tu, nilitaka moja tu ya kubaki nayo. Akasema hilo pia analijua. Nikamwambia basi nigombeze, nitukane, nifokee kama mwanamume mwingine yeyote. Akafumba macho.

"Lakini nilitaka, Susana," akasema. Hakuwa ameniita jina langu tangu Kezia azaliwe. "Nilitaka sana."

Akageukia ukutani. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, na sikuthubutu kumgusa. Nimemkasirikia mara nyingi maishani kwa ubahili, kwa kimya chake, kwa chai ya watu wa Sindo. Sikuwahi kujua kwamba mtu mpole akinyimwa kitu huumia sawa na mkali, ila anaumia peke yake.

Jumatatu, 22 Septemba

Maji, kwa pamba.

Ijumaa, 26 Septemba

Kezia amefika. Anamgeuza baba yake vizuri kuliko mimi. Nimeishusha picha dirishani, nikaigeuza uso ukutani. Kezia ameirudisha, anadhani ilianguka.

Jumanne, 30 Septemba

Mwalimu Nyamweya amelala alfajiri. Mkono wake mmoja ulikuwa kwangu, mwingine kwa Kezia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tulimzika jana, kwao, Nyamira. Mvua za vuli zimeanza na njia ya kwenda kaburini ilikuwa tope. Migomba ilikuwa imesogezwa ili watu wapate pa kukaa.

Programu ya mazishi nilichapa mwenyewe. Nani mwingine angechapa? Mbele niliweka uso wake wa siku tulipooana. Shemeji yangu Omanga, kaka yake mkubwa, alitaka picha ya mwezi iwe nyuma, ukurasa mzima. Nikakataa. Kezia akasema, "Mama, hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya mwisho." Nikaiweka. Mamia ya watu walikuwa wameishika mikononi, wengine wameifunika kichwani kwa sababu ya manyunyu.

Pasta Oyaro alihubiri vizuri. Alisema mbingu zinatangaza utukufu, na kwamba Mungu ni mwema kwa watumishi wake, maana Mwalimu alikuwa na ombi moja tu kabla ya kulala, na akapewa. Auone mwezi ukibadilika, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Watu wakasema amina.

Ndipo Omanga akasimama na kipaza sauti. "Mama Kezia ndiye aliyekuwa naye siku hiyo. Hebu atuambie mwenyewe, mdogo wangu aliona?"

Wakanipa. Kwa siku tisa nilikuwa nimekusudia kwamba nikipewa nafasi nitasema kweli, mbele ya ndugu zake wote, wanichukie wanavyotaka, maana yeye hakunipa hata chuki hiyo. Nikafungua mdomo. Nikamwona Kezia ananitazama, na wale wanafunzi wake waliosafiri kutoka Sindo, na Ryoba amesimama kwenye tope na kofia mkononi. Wote walikuwa wanangoja kitu kilekile ambacho Mwalimu aliwapa kila siku kwa nguvu zake za mwisho. Nikimnyang'anya hicho pia, nitakuwa nimemnyima mara mbili.

"Aliona," nikasema. "Aliona vizuri sana, na alifurahi."

Watu wote wakasema amina. Mama Elvis, aliyemshika kiuno usiku ule, akainamisha kichwa, akasema amina pia.